Majaji wa mashindano ya skripti, mnatoa nyota bila hata kuiendesha kazi ya mtu?

Wakuu, hili nimelimeza wiki nzima, leo natema. Na kabla hamjaanza na "huyu kashindwa ndiyo maana analia", nawaambia mapema: mimi si mshiriki wa mashindano haya ya kuandika skripti, yaani programu fupi za kuendesha kazi za kompyuta. Nilikuwa jaji, mmoja kati ya watano. Jana nimejitoa.

Raundi ya tatu tuliwapa watu swali la kawaida kabisa la kazini. Una faili lenye majina ya seva. Toa orodha ya programu zote zilizosakinishwa kwenye kila seva, matokeo yaingie kwenye CSV, faili la jedwali la maandishi matupu. Basi. Hatukutaja toleo la PowerShell, lugha ya Microsoft ya kuandikia skripti. Hatukusema seva ikiwa imezimwa skripti ifanye nini. Hata faili la mfano la kujaribia hatukutoa. Nililisema kabla swali halijatoka, nikajibiwa "wataelewa tu, ni watu wazima". Haya.

Zikaja kazi 140. Iliyoshika namba moja naomba niieleze taratibu, maana hapo ndipo damu inaponichemka.

Ukiifungua inapendeza kweli. Maelezo ya msaada yako juu kabisa, mifano mitatu ya matumizi, vigezo vimepangwa kama vyombo kabatini, kila kifungu kina komenti yake. Wenzangu wote wanne: nyota tano. Mmoja kaandika "Safi sana", mwingine "Kazi ya kitaalamu", wawili hawakuandika hata herufi.

Mimi nikaiendesha. Nina mashine pepe tatu za majaribio (kompyuta za kuigwa ndani ya kompyuta), moja niliizima makusudi. Dakika ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Feni ya kompyuta ikaanza kuunguruma. Kuchungulia ndani, chini ya mapambo yote yale, jamaa anauliza Win32_Product, darasa la taarifa za Windows linaloorodhesha programu! Aliyekaa na seva za Windows kwa muda anajua balaa lake. Ukiliomba orodha, halikupi orodha tu. Linapita kwenye kila programu iliyowekwa kwa MSI (mfumo wa usakinishaji wa Windows), linaikagua, na ikikutwa na hitilafu linaweza kuanza kuitengeneza bila kukuuliza. Nikafungua logi ya Application: matukio namba 1035 ya MsiInstaller yamejipanga kama siafu. Hebu iendeshe hiyo mchana kweupe kwenye seva inayohudumia watu, halafu uje utuambie simu ngapi umepokea. Na baada ya usumbufu wote huo, programu ambazo hazikuwekwa kwa MSI halizioni kabisa. Swali lilisema programu ZOTE.

Halafu kuna try na catch, mtego wa kunasa makosa. Urembo mtupu. Seva isipofikika, kosa lile kwa kawaida halisimamishi amri, kwa hiyo usipoweka -ErrorAction Stop, catch haina habari. Yeye hakuweka. Kwenye catch kaandika mstari mzuri kabisa wa kusema seva haipatikani, mstari ambao haujawahi kufikiwa. Kwangu yalimwagika maandishi mekundu kwenye skrini, na ile seva niliyoizima haikutajwa popote kwenye ripoti. Mkuu wako akiisoma ataamini mna seva mbili.

Lililonimaliza ni CSV yenyewe. Kabla ya Export-Csv, amri ya kuandika faili la CSV, kapitisha kila kitu kwenye Format-Table. Nimefungua faili nikitafuta jina la programu na toleo lake, nakuta safu ya kwanza inaitwa ClassId2e4f51ef21dd47e99d3c952918aff9cd. Nimeinakili kama ilivyo ili msidhani natia chumvi. Format-Table inatoa maelekezo ya kuchora jedwali kwenye skrini. Ukishaipitisha hapo, data yako imekwenda na maji. Yaani faili tuliloliomba halisomeki, na hiyo ndiyo kazi yetu bora ya raundi! Angalau mmoja wao angebonyeza Enter mara moja tu, angeona.

Sasa twende kazi namba 87. Mistari 19. Haina maelezo ya msaada, jina la fankisheni ni baya, komenti ni moja na ina kosa la tahajia. Lakini inasoma rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake), matawi yote mawili ya Uninstall yenye orodha ya programu zilizosakinishwa, lile la kawaida na lile la Wow6432Node lenye programu za biti 32. Inatumia Invoke-Command, kwa hiyo seva zinaulizwa kwa pamoja, haisubiri moja imalize ndipo iende nyingine. Makosa inayakusanya kwenye kigeu chake, na seva iliyozimwa ikapata mstari wake kwenye CSV: jina la seva, pembeni "haikufikika". Yote hayo hayakuchukua hata dakika moja.

Wastani wake: nyota mbili. Maoni: "Haina maelezo ya msaada."

Kuna mwingine kapewa sifuri na jaji mmoja kwa sababu "skripti haifanyi kazi, amri haitambuliki". Kumbe jaji aliiendesha kwenye PowerShell 7, na mshiriki katumia Get-WmiObject, amri ya kuuliza taarifa za Windows, ambayo huko haipo, ipo kwenye 5.1 inayokuja na Windows. Huyo jaji angalau aliiendesha, namheshimu kwa hilo. Lakini kosa ni la nani, kama sisi wenyewe hatukusema toleo?

Mtauliza ilikuwaje. Jedwali la alama linaonyesha muda kila alama ilipoingizwa. Mwenzetu mmoja kapitia kazi 61 ndani ya dakika 40. Sekunde 39 kwa kila kazi! Na simlaumu peke yake. Waandaaji walitaka kila jaji asome kazi zote 140. Zipe dakika kumi kumi: saa 23 na dakika 20, ndani ya siku nne, na kila mmoja wetu ana ajira yake na simu za usiku za seva kudondoka. Nilipendekeza kila kazi isomwe na majaji wawili tu. Hapo kila jaji anabaki na kazi 56, saa tisa na kitu, kitu kinachowezekana. Nikaambiwa eti itapunguza uwazi. Uwazi gani wa nyota zisizo na sababu?

Kura za washiriki wenyewe ndiyo kabisa sitaki kuzigusa. Majina yanaonekana tangu siku ya kwanza, kwa hiyo mwenye marafiki wengi anapigiwa debe na mgeni anaambulia nyota moja moja kutoka kwa watu anaoshindana nao. Kuficha majina mpaka alama zitoke ni kazi ya nusu saa kwa aliyetengeneza mfumo.

Nilipolalamika kwenye kikao cha majaji, jibu likawa lile lile: "Haya ni mashindano ya kujifunza, usiyachukulie moyoni." Ya kujifunza! Mtu kaamka usiku, kaandika mistari 19 baada ya zamu, anarudishiwa nyota mbili na sentensi moja. Kajifunza nini? Na yule wa namba moja, ambaye kesho ataipeleka ile kitu kazini akijua jopo la majaji limeipitisha, kajifunza nini? Huyo ndiye anayenitia hofu zaidi.

Sirudi kwenye jopo mpaka mambo matatu yabadilike: swali litaje toleo na lije na data ya kujaribia, alama isiyo na maoni isihesabiwe, na asiyeiendesha skripti asiipe alama. Mashine za majaribio ninazo na namna ya kuziandaa nimeiandika. Anayeitaka aseme, nitaiweka hapa chini.

Na wewe wa kazi namba 87, kama unapita humu. Yale maoni ya maelezo ya msaada niliyaandika mimi, usiku wa kwanza, kabla sijaanza kuziendesha. Nilipotaka kurekebisha alama mfumo ulikuwa umeshafungwa. Niwie radhi. Skripti yako ndiyo ninayoitumia kazini tangu Jumatatu, ile komenti nimeirekebisha tahajia.