Wa Chuga (Arusha) na Moshi mliowahi kwenda kulala baharini kwa hela ya mawazo, tupeane uzoefu

Chalii wa Sakina
Wakuu, leo stendi nimekuta vijana na mabegi yao wanabishana na mpiga debe nauli ya Tanga, nikacheka peke yangu. Na sisi tulikwenda hivyohivyo. Unatoka huku na sweta, Same jasho linaanza, Mombo sweta lipo chini ya siti, Muheza unanunua machungwa dirishani basi likiwa linaondoka na chenji yako imebaki. Gesti tuliyopata ilikuwa mbali kidogo na Raskazone, kitanda cha futi tatu watu wawili. Feni ikiwashwa inapiga kelele hulali, ikizimwa unaiva. Umeme ukakatika, ubishi ukaisha. Haya, leteni za kwenu.

Meku wa Rau
Mimi kuoga ndiko kulinishinda. Maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, unatoka bafuni unanata kuliko ulivyoingia.

Mama Abuu
Hapo kwenye sabuni umenikumbusha mbali.

Dada wa Pasua
Pangani tulipata chumba cha bei chee upande wa Bweni. Starehe zote ziko mjini, sisi tuko ng'ambo ya mto, kila tukitaka kula tunasubiri kivuko. Kinachoniuma, yale maji yametoka Kilimanjaro, ni ya kwetu, halafu natozwa kuyavuka!

Chalii wa Sakina
Ya Meru pia. Kikuletwa unaifahamu?

Dada wa Pasua
Na Ruvu je? Zote zinakutana Nyumba ya Mungu. Msianze kujipa mto mzima ninyi watu wa Chuga.

Fundi Majengo
Mnalialia feni na kivuko, ngojeni niwape ya Jambiani, kule Unguja.

Tulikuwa wanne, wote wa Majengo, kuogelea kwetu mwisho mfereji. Kutoka Darajani tukapanda daladala ya 309, tukapata chumba kwa bibi mmoja nyuma ya kijiji. Mkeka chini, chandarua kimoja, choo cha nje. Kwa bei ile hatukuwa na neno. Asubuhi tunaamka, bahari haipo. Sitanii. Imekwenda hukooo, unaona mstari mweupe tu mawimbi yanapovunjikia mwambani, katikati mchanga na madimbwi, kina mama wameinamia mwani wao. Tukasema twende tukapige picha kulekule mwambani. Bibi akasema, "Leo bamvua, wanangu, msikae sana." Tukaitikia kwa adabu zote.

Tumefika mbali, tunafukuza kaa, tunapozi. Nikaona kina mama wanafunga magunia wanarudi. Hawakimbii, ila hakuna anayesimama. Mmoja akatuita, upepo ukala maneno. Kugeuka, kule tulikopitia kumeshakuwa maji.

Na hili ndilo watu wa bara hatulijui. Unasubiri maji yaje kwa mbele, kumbe yanazunguka, yanaingia kwenye mikondo na kujaza nyuma yako kwanza. Wewe umesimama pakavu unajiona salama. Tukaanza kurudi, maji ya goti. Mbele kidogo, kiuno. Chini hatuoni, kila mmoja anamwambia mwenzake atangulie. Mwenzetu mfupi kuliko wote akaanza Baba Yetu kwa Kichaga, katikati ya sala akapiga yowe: amekanyaga yule mdudu mweusi wa miiba. Hakuna aliyemjali. Simu nimeivalia kofia juu. Mkondo ulikuwa unatuvuta ubavuni, pwani tunaiona lakini haisogei.

Akatokea mzee na ngalawa, anasukuma kwa upondo, hana hata haraka. Salamu kwanza! Halafu: "Shikeni ubavuni, msipande wote." Akatukokota mpaka miguu ilipogusa mchanga. Hapo ndipo akasema 20,000. Tukajikung'uta tukampa 10,000 na saa ya mkononi ya yule mwenye miiba. Bibi tulimkuta mlangoni, hakusema kitu, ametandaza nguo kavu kwenye kamba.

Meku wa Rau
Mungu wangu.

Kijana wa Njiro
Huyo mzee si muungwana. Watu wanazama unadai 20,000?

Dereva wa Usa
Acha unafiki. Kwetu gari la mtu likizama tope vijana wanakuja na majembe kabla dereva hajazima injini, na bei wanayo mdomoni. Mzee aliwaopoa kwanza akadai baadaye. Sisi tunadai kwanza.

Kijana wa Njiro
Gari si roho ya mtu.

Dereva wa Usa
Ndiyo maana ilikuwa bei rahisi.

Mama Abuu
Ile miiba ilitokaje? Mwanangu iliwahi kumpata.

Fundi Majengo
Bibi alipaka utomvu wa papai bichi, ikalainika, mingine ikatoka yenyewe baadaye.

Dada wa Pasua
Siki ya moto ndiyo dawa.

Kijana wa Njiro
Mafuta ya taa.

Mama Abuu
Mafuta ya taa kwenye kidonda? Wewe mwenzetu usije ukafungua duka la dawa.

Mdigo Aliyehamia Moshi
Poleni wenzangu wa mlimani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hiyo ni bamvua: maji yanatoka mbali na kurudi kwa nguvu. Katikati hapo ni maji mafu, hayana fujo. Kujaa kama saa sita, kupwa kama saa sita, na kila siku nyakati zinasogea mbele karibu saa nzima, kwa hiyo usiseme "jana saa hizi palikuwa pakavu". Ukiona wanawake wa mwani wanaondoka, ondoka. Na usiende na mabegi yako mchangani. Gesti, ombeni chumba cha upande unaopata upepo, feni ni nyongeza tu.

Chalii wa Sakina
Asante mkuu, angalau mmoja amekumbuka mada ni malazi.

Meku wa Rau
Fundi, ile saa ilikuwa ya bei gani?

Fundi Majengo
Ya sokoni Mbuyuni. Ilikuwa haitembei.

Kijana wa Njiro
Kwa hiyo mzee ndiye aliyeibiwa!

Mchumba Mtarajiwa
Wakuu, nina laki na nusu, nipo Moshi, nataka kumpeleka mchumba baharini mwezi wa kumi na mbili. Tanga au Unguja?

Dereva wa Usa
Tanga.

Dada wa Pasua
Unguja, lakini uende peke yako. Mwezi huo wageni wamejaa, bei zimepanda.

Mama Abuu
Mwezi wa kumi na mbili ukoo mzima unapanda kuja Moshi, wewe unashuka? Nani atachinja?

Mchumba Mtarajiwa
Ndicho ninachokimbia, mama. Chumba Pangani siku hizi wanatoza ngapi?