Mama anataka kuacha dawa ya uvimbe wa ateri za kichwa: naomba ushauri

Mleta mada:
Ndugu wanajamvi, salamu. Mama yangu ana umri wa miaka 71. Kwa wiki tano alilalamikia maumivu kwenye panja la kulia, nasi tukadhani ni kipandauso. Kilichonishtua ni siku alipoweka kitana chini kabla ya kumaliza kuchana nywele, akisema ngozi ya kichwa inauma kama kidonda. Na wakati wa kula alikuwa akitafuna mara nne tano, anashika taya, anasubiri, kisha anaendelea. Daktari alikuta vipimo vya damu vya ESR na CRP, vinavyoonyesha uvimbe mwilini, viko juu sana, akamwanzishia prednisoloni (dawa ya steroidi) miligramu 60 siku ileile, kabla hata ya kukatwa kipande cha mshipa kwa uchunguzi. Baada ya siku tatu kichwa kilitulia. Sasa ni wiki ya sita, biopsi, yaani uchunguzi wa kile kipande, imethibitisha ugonjwa na dozi imeshushwa hadi 40, lakini uso umemjaa, usingizi hapati, sukari imepanda, na anasema hawezi kumeza dawa ya ugonjwa uliokwisha pona. Je, nimwache apumzike?

Muuguzi Mstaafu:
Pole kwa kuuguza. Hapana, asiache. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia ukuta wa ateri (mishipa inayopeleka damu mwilini), ukuta unavimba kwa ndani na njia ya damu inakuwa nyembamba. Ndiyo maana taya liliuma wakati wa kutafuna tu, kwa kuwa misuli inayofanya kazi hudai damu ambayo haifiki. Vijiateri vinavyolisha neva ya jicho navyo huweza kuziba, na upofu wa namna hiyo kwa kawaida haurudi nyuma. Daktari hakusubiri biopsi kwa sababu hiyo, na alifanya vyema, maana dalili za uvimbe hubaki kwenye mshipa kwa wiki kadhaa hata mgonjwa akiwa ameanza dawa, ilhali maumivu huondoka mapema mno na kumdanganya kila mtu nyumbani. Isitoshe, baada ya wiki hizo zote tezi zilizoketi juu ya figo zimekwisha kuzoea kutotengeneza homoni ya kotisoli ya kutosha, kwa hiyo kukatiza ghafla kunaweza kumwangusha kwa kutapika, presha kushuka na hata kupoteza maisha. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa mwaka mmoja hadi miwili.

Mchangiaji wa pili:
Naongeza jambo moja. Mimi nina uvimbe wa mishipa midogo ya damu, ule wa ANCA (kingamwili zinazoshambulia chembe nyeupe za damu za mwili wenyewe), ulionishika figo nikagunduliwa kwa damu na protini kwenye mkojo, na natibiwa kwa rituksimabu, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, pamoja na steroidi. Jina la jumla ni moja, uvimbe wa mishipa ya damu, ila magonjwa ni mengi. Tafadhali msiazime dawa ya mtu mwingine.

Mchangiaji wa tatu:
Baba yangu alipita njia hiyo. Tulichojifunza ni kumeza dozi yote asubuhi baada ya chakula, na usingizi ukarudi kiasi. Muulizeni daktari kuhusu kinga ya mifupa, kwa maana ya kalsiamu, vitamini D na pengine dawa ya kuiimarisha, kuhusu kurekebisha tiba ya sukari, na kama tosilizumabu, dawa nyingine ya kutuliza kinga ya mwili, inafaa, kwa kuwa husaidia kupunguza steroidi mapema zaidi. Malalamiko ya mama ni ya haki, ila ayapeleke kwa daktari.

Mleta mada:
Nashukuru. Nimekaa naye nikamuuliza kwa upole kama amewahi kuruka dozi. Amekiri kwamba hajameza tangu juzi, na kwamba leo asubuhi jicho la kulia lilifunikwa na kitu kama pazia kwa dakika chache, kisha likafunguka. Alinificha ili nisihangaike. Miadi yake ni wiki ijayo.

Muuguzi Mstaafu:
Msingoje miadi. Mpeleke idara ya dharura sasa hivi, ubebe majibu ya biopsi na dawa zake, na jambo la kwanza utakalomwambia daktari liwe hilo pazia, la pili siku aliyomeza dozi ya mwisho.

Mleta mada:
Tumeshatoka.