Mganga wetu amekufa. Mhusika mpya azibe pengo, au mchezaji achague amtakaye?

KeteIshirini
Wanajamvi, salaam. Naomba tusaidiane. Meza yetu ni wachezaji wanne na mwendeshaji anayesimulia hadithi na kuandaa hatari, tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, kila baada ya wiki mbili siku ya Jumamosi, hapa South B, Nairobi, bado kwa kitabu cha sheria cha 2014. Juzi tumempoteza mganga wetu wa ngazi ya 5, anayechezwa na dada mmoja wa kundi. Troli, lile jitu la makucha, alimwangusha kwenye maji ya magotini, uhai ukafika sifuri, akaanza kurusha dadu za kufa na kupona. Ya kwanza 7, imefeli. Zamu iliyofuata dadu ikabingirika, ikagonga sahani ya bhajia, ikasimama kwenye 1. Na 1 huhesabiwa kufeli mara mbili, kwa hiyo tatu zikatimia, na tatu ni kifo. Meza nzima kimya.

Aliyekuwa na uwezo wa kumfufua mtu kabla dakika moja haijapita tangu afe ni yeye mwenyewe, na almasi ya dhahabu 300 inayotakiwa kwa kazi hiyo ilikuwa mfukoni mwake. Hekalu la karibu ni mwendo wa siku 12, na ile dua kubwa ya kumrudisha maiti mwisho wake siku 10.

Tumebaki mbabe wa shoka, mchawi na mwizi. Mwendeshaji anasema dada aje na yeyote amtakaye. Sisi tumegawanyika. Wengine wanataka mganga mwingine la sivyo tutakufa wote. Mnaonaje?

AskariKanzu
Sioni mjadala hapo. Mganga ametoka, mganga aingie. Golikipa akiumia huingizi straika. Mpe dada mganga mwingine aendelee, kina dada wana moyo wa kuuguza, hilo halifundishwi.

BintiTanga
AskariKanzu, nimesoma mara mbili nikidhani sijaelewa. Moyo wa kuuguza?

Mimi nimekaa kwenye meza tatu tofauti. Zote tatu, kabla sijafungua mdomo, kuna kaka amesema "wewe utatutibu, sivyo?" Kwenye meza ya kwanza nilikuja na mpiganaji wa panga mbili, nimemwandika usiku kucha, nina hadithi yake ya kurasa nne. Nikaambiwa kundi halina mtabibu. Nikakunja karatasi yangu. Miezi minane nikawa nasema "nakutibu, nakutibu, napita zamu." Hakuna kaka hata mmoja aliyeambiwa akunje karatasi yake. Huyo golikipa wako mbona kila mechi ni dada?

AskariKanzu
Nimesifia, umegeuza tusi. Dada yangu mwenyewe ni muuguzi na anajivunia. Nani kasema kutibu ni kazi ndogo?

BintiTanga
Kama si kazi ndogo, ichukue wewe. Unacheza nani mezani kwenu?

AskariKanzu
Mpiganaji. Lakini hilo halihusiani na mada.

BintiTanga
Linahusiana kabisa.

MwalimuHesabu
Jamani, turudi kwa KeteIshirini, maana kila mtu anachukulia kwamba mganga ndiye anayewaweka watu hai. Tufanye hesabu. Troli wa kitabu hicho anashambulia mara tatu kwa zamu, mdomo mmoja na makucha mawili. Yote yakipata, wastani ni 29. Dua ya kutibu ya ngazi ya chini ni dadu moja ya pande 8 na nyongeza, tuseme 4. Wastani wake 8 na nusu. Utatibu 8 wakati mwenzako anapoteza 29? Ni kuchota maji kwa pakacha.

Tiba katika mchezo huu ina kazi moja kubwa, nayo ni kumwinua aliyekwisha kuanguka. Uhai 1 unatosha kumsimamisha mtu akapigana zamu nzima. Kwa hiyo anayehitajika si mganga wa kudumu, ni yeyote mwenye ile dua ya neno moja unayoitamka ukiwa mbali hata futi 60, tena kwa tendo la ziada, huku tendo lako lenyewe likibaki la kupigana. Malenga anayo. Druidi, yule mtu wa ibada za mwitu, anayo, na juu yake ana yale matunda kumi ya mwituni, kila moja linarudisha uhai 1. Paladini, yule askari wa dini, hana dua hiyo, lakini kwa ngazi ya 5 ana uhai 25 mikononi mwake wa kugawa kwa kugusa tu.

Wazee walisema mganga hajigangi, na nyinyi mmeyaona kwa macho. Kikosi chenye mtabibu mmoja kinabaki bila mtabibu siku anayoanguka yeye. Ushauri wangu ni tiba igawanywe kwa watu wawili, kidogo kidogo, na dada achukue chochote kilichobaki.

MzeeNgome
Mimi nina neno moja ambalo limenikera tangu juu. Kwa nini mnamwita "mganga"? Huyo mhusika ni mtumishi wa mungu wake, amevaa deraya, amebeba rungu na alama takatifu. Ni kasisi. Huku kwetu Mombasa ukisema "nimekwenda kwa mganga" watu wanatazamana. Ni mambo ya kuagua, kuku mweusi na kafara za majini. Hamwezi kuchukua mtu wa ibada mkamvisha jina hilo.

ChumviNyingi
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo umenigusa pabaya. Mama yangu alifanya kazi zahanati miaka ishirini na kitu, na mlangoni kwake paliandikwa "Mganga Mfawidhi". Huku Tanzania daktari wa wilaya ni Mganga Mkuu wa Wilaya, na yule wa juu kabisa ni Mganga Mkuu wa Serikali. Kuku mweusi umetoa wapi? Mganga ni anayeganga, na kuganga ni kufunga jeraha likapona. Hilo ndilo hasa analolifanya huyo mhusika.

MzeeNgome
Marahaba. Simtukani mama yako, Mungu amjaalie. Nasema matumizi ya watu. Kenya mgonjwa anakwenda kwa daktari. Mganga ni habari nyingine.

ChumviNyingi
Hata hiyo habari nyingine. Mganga wa pwani anayeandika kombe, aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji, mgonjwa akanywa, anatibu kwa nguvu ya nani? Ya Mungu au ya kuku? Huyo ndiye kasisi wenu wa kwenye mchezo, kamili, amekosa rungu tu.

MzeeNgome
Hapo umesema jambo. Lakini anayeandika kombe huku tunamwita shehe au mwalimu.

ChumviNyingi
Wengine mnamwita mganga, nimekaa Likoni mwaka mzima.

MtoMississippi
Niko Minneapolis na napenda sana mjadala huu, maana kwangu neno lililoleta shida si mganga, ni "mchawi". Wanangu wanacheza Ijumaa jioni na majirani. Bibi yao alipiga simu kutoka Kisumu, mdogo akamwambia kwa furaha, "Bibi, mimi ni mchawi wa ngazi ya tatu." Simu ikanyamaza. Kisha akaniita mimi kwa jina langu lote. Tangu siku hiyo nyumbani tunasema "wizadi".

Kuhusu huyo mganga, historia yake inajibu swali la kwanza. Dave Arneson, mmoja wa wawili waliobuni mchezo huu, alikuwa mtu wa hapa hapa Minnesota. Kabla kitabu hakijachapwa, mezani kwake palikuwa na mchezaji aliyecheza mnyonya damu, akawa na nguvu mpaka wenzake wakashindwa. Ndipo wakabuni mhusika wa kanisa wa kumkabili. Yaani tangu siku ya kwanza huyu mtu alizaliwa kuziba pengo la kikosi. Kitabu kilipotoka mwaka 1974 kwa jina la Arneson na Gary Gygax, aina zilikuwa tatu, mpiganaji, mwenye uchawi, na huyu.

AskariKanzu
Asante. Kwa hiyo nilisema kweli, pengo huzibwa. Na ukimwongeza mwizi, wanne hao ndio nguzo tangu mwanzo.

MtoMississippi
Mwizi hakuwemo. Alikuja kwenye kitabu cha nyongeza cha 1975. Na jambo jingine, kwenye kitabu cha 1974 huyo wa kanisa akiwa ngazi ya 1 hakuwa na dua hata moja. Alikuwa na rungu, deraya, na uwezo wa kuwafukuza maiti wanaotembea. Kutibu kulianza ngazi ya 2. Hivyo hakuumbwa awe nesi wa watu, aliumbwa apigane na mnyonya damu.

BintiTanga
Naomba hiyo sentensi ya mwisho ibandikwe juu ya uzi.

AskariKanzu
Mwaka 2008 wenyewe watengenezaji waliandika wazi nafasi nne, mlinzi, mshambuliaji, kiongozi anayetibu, na mdhibiti wa uwanja. Hawakuandika kwa kujifurahisha. Kikosi kinahitaji mpangilio.

MwalimuHesabu
Na 2014 wakayaondoa majina hayo. Watu walikuwa wanachagua nafasi kabla ya kuchagua mtu. Halafu, AskariKanzu, mfano wako wa golikipa una kasoro. Mpira una sheria kwamba lazima awepo. Huku mwendeshaji ndiye anayeandaa hatari. Kikosi kikikosa mtabibu, ataweka chupa za dawa sokoni, dhahabu 50 moja, atapunguza matroli, ataruhusu saa moja ya kupumzika katikati ya pango. Ni kazi yake.

AskariKanzu
Mwendeshaji asigeuzwe yaya. Mimi nimeendesha meza miaka sita. Unaandaa pambano wiki nzima, watu wanakuja na washika pinde wanne kwa sababu kila mmoja "amefuata moyo wake", kisha wanakulaumu wakifa. Nilimwona rafiki yangu akifunga vitabu saa tatu usiku, akaondoka kwenye meza yake mwenyewe, hakurudi tena. Hilo ndilo linalonifanya niseme mganga aingie. Si dharau kwa dada yeyote.

BintiTanga
Ungeanza na hilo tungeelewana mapema. Hoja ya rafiki yako naipokea. Ila bado swali ni nani anayelipa gharama ya mpangilio. Watu wanne wanataka usalama, mmoja anaambiwa aununue kwa mchezo wake. Wagawane.

MzeeNgome
ChumviNyingi, nimeuliza nyumbani. Mama Likoni anasema wapo wanaomwita mganga wa kitabu. Nimekubali nusu.

ChumviNyingi
Mganga wa kitabu! Mzee, hilo ndilo jina lake. Naliandika kwenye karatasi yangu leo.

DuaMbiliTu
Mimi ndiye dada mnayemjadili. Nimetumiwa uzi huu na mtu wa mezani kwetu, nimeusoma wote kwenye matatu, na kuna jambo halijasemwa.

Mganga wangu alikuwa na dua moja nzuri kuliko zote, ile ya roho zinazokuzunguka na kumuumiza kila adui anayekukaribia. Ndiyo iliyonifanya nimchague. Kwa ngazi ya 5 nilikuwa na nafasi mbili tu za dua kubwa. Sikuwahi kuita zile roho hata mara moja, kwa sababu kila nilipotaka, mtu aliniambia "hifadhi, tukifa utatufufua." Nikahifadhi. Nimekufa nikiwa na nafasi zote mbili hazijatumika.

Na nilipokuwa chini majini, KeteIshirini, mbabe wako alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Chupa ya dawa ilikuwa kiunoni kwake, niliinunua mimi, dhahabu 50 zangu. Kuninywesha ni tendo moja. Ulisema, "Nampiga troli tena." Ulimpiga mara mbili, ukafurahi. Kisha zamu yangu ikafika, nikarusha ile 1.

Mwalimu kasema tiba igawanywe. Sawa, lakini kwanza mjue kwamba ilikuwa imeshagawanywa. Ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine na hakuitumia. Mkiniletea mganga wa pili mtakuwa mmemleta mtu wa pili wa kuanguka mkimtazama.

Nimemwandika malenga. Anatoka bandarini, anapiga zeze, ana kinyongo na baharia mmoja. Ile dua ya neno moja anayo na nitaitumia nikiona inafaa. Zile nyingine ni zangu. Na kisanduku cha huduma ya kwanza ni dhahabu 5, kinatosha mara kumi, kinazuia mtu asife bila hata kurusha dadu. Yeyote anaweza kukibeba. Sitakibeba mimi.

BintiTanga
Dada, karibu. Umri wote wa uzi huu tulikuwa tunakusemea.

AskariKanzu
Dada, nilikuongelea kama haupo. Samahani kwa hilo. Kuhusu mpangilio nabaki na maoni yangu.

KeteIshirini
Ni kweli nilikuwa mimi. Ulikuwa umefeli mara moja tu, nikahesabu una zamu mbili mbele yako. Nikasema nimpige troli kwanza, kisha nije. Ile 1 sikuifikiria kabisa.

Chupa bado iko kwenye karatasi yangu. Jumamosi naileta, na kisanduku nakinunua mimi. Malenga wako anaitwa nani, nimwandike kwenye daftari la safari?