Naomba ushauri: regresheni kwa wanaoanza, bila kompyuta

Mwalimu wa Uyole
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaongoza klabu ya hisabati ya kidato cha tatu hapa Mbeya, na ninatamani wanafunzi waionje regresheni, yaani kutafuta mstari unaofuata nukta za vipimo kwa ukaribu zaidi ili kubashiri, kabla hawajakutana na fomula zake. Mwaka jana nilianza na fomula ubaoni, na baada ya robo saa wengi walikuwa wakinakili tu bila kuuliza lolote. Je, lipo jaribio la mikono litakalowafikisha kwenye kubashiri?

Binti Tukuyu
Shikamoo, Mwalimu. Mimi hutumia mchele, kikombe, sufuria na mzani wa jikoni. Tulipopima sufuria ikiwa na kikombe 1, 2, 3 na 4, tulipata gramu 505, 695, 910 na 1,100. Wanafunzi huweka nukta hizo kwenye karatasi ya grafu, kisha hunyoosha uzi mweusi juu yake, na hapo mabishano huanza, kwa kuwa uzi haupiti kwenye nukta zote na kila mmoja anaulaza anavyoona yeye. Waache wabishane, maana ubishi huo ndio unaowafanya waitafute kanuni: mstari bora ni ule ambao makosa yake (umbali wa wima kutoka kila nukta hadi kwenye mstari), kila moja likizidishwa kwa lenyewe na yote kujumlishwa, hutoa jumla ndogo kuliko mstari mwingine wowote. Hapa mteremko wake ni 200, nao unakata mhimili wima kwenye 302.5. Waulize maana ya namba hizo. Ya kwanza ni uzito wa kikombe kimoja cha mchele. Ya pili ni makadirio ya uzito wa sufuria tupu, ambayo hakuna aliyeipima. Mwageni mchele, muipime mbele yao.

Mkulima wa Njombe
Naongezea kwamba ubashiri uandikwe kwa kalamu kabla ya kupima: vikombe 7 vitoe gramu 1,702.5. Baadaye leteni maparachichi, mpime mzingo kwa uzi na uzito kwa mzani. Tunda lenye umbo lilelile na mzingo maradufu huwa na uzito unaokaribia mara nane, kwa hiyo mstari ulionyooka utafaa kwa matunda yanayokaribiana ukubwa tu. Francis Galton, mwanasayansi Mwingereza aliyeieneza istilahi ya regresheni mwaka 1886, naye alitumia vipimo vya kawaida: urefu wa wazazi na wa watoto wao.

Mwalimu wa Uyole
Marahaba, binti yangu, na asante, ndugu mkulima. Jumamosi tutaanza na sufuria, nami sitawaambia uzito wake.