Wana wa Bi Rehema 🌙

*Alhamisi*

Da Mwanaisha 6:41
Asalaam alaykum nyote. Arusi ya Nuru ni kesho kutwa na tuktuk bado yazimika. Jana imemzimikia Omari palepale anapopanda feri Likoni, watu wakaisukuma na kanzu zao. Leo nataka majibu, si vikatuni.

Hamza 6:44
👍

Da Mwanaisha 6:44
Hamza!!

Da Mwanaisha 8:15
Watu kumi na tisa mumesoma. Omari eleza yaani.

Omari 9:32
Nilikuwa na abiria Da. Asubuhi yawaka bila hata choki. Ikishapata moto, nikisimama tu, yalegea yazima. Nikitia resi ghafla yajikwaa, moshi mweusi, ndipo yatoka. Nimekaza skrubu ya resi, sasa yanguruma kama kinu cha posho hata nikiegesha

Salim Fundi 9:50
Rudisha hiyo skrubu chini. Yashikilia resi tu, ugonjwa uko palepale. Plagi ina rangi gani?

Omari 10:04
Nyeusi ti. Masizi makavu

Salim Fundi 10:11
Mafuta mengi. Ingekuwa nyeupe ningesema hewa. Kahawia ndiyo twaitaka.
Injini iwe ya moto, filta iwe mahali pake. Ile skrubu ndogo ya kabureta, ya kupima mchanganyiko wa mafuta na hewa, ifunge polepole mpaka iguse. USIIKAZE, ncha yake nyembamba. Kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu, washa, uende robo robo. Pale injini inapopanda yenyewe ndipo pake. Mwisho ndio upunguze resi.

Omari 10:13
Kufungua ni kuongeza mafuta ama hewa?

Salim Fundi 10:15
Tazama iliko. Upande wa injini, waongeza mafuta. Upande wa filta, waongeza hewa.

Hamza 10:16
Na ikiwa upande wa Kisauni? 😂

Da Mwanaisha 10:16
Nitakutoa humu.

Hamza 10:17
Nitoe, sufuria utabeba wewe

Bi Zuhura 10:40
Sufuria zipi? Zangu mbili za pilau ziko kwa Kassim tangu arubaini ya marehemu. Sisemi kitu.

Kassim 10:42
Shangazi nilikueleza

Bi Zuhura 10:42
Sisemi kitu mwanangu.

Da Mwanaisha 10:43
Jamani tuktuk!!!

Omari 1:27
Salim, iko upande wa injini. Resi nimeshusha, skrubu nimeifunga yote na bado yanguruma. Haijali

Salim Fundi 1:35
Basi mafuta yapita kwengine. Ama choki, ile ya kuongeza mafuta injini ikiwa baridi, haifungi, ama jeti ndogo, ile ya kupimia mafuta, imepanuliwa tundu. Nani aliifungua mara ya mwisho?

Kassim 1:51
Ilikuwa imeziba. Nikaizibua na uzi wa waya wa breki, ikapona

Salim Fundi 1:52
Na waya.

Hamza 1:52
😭😭😭

Salim Fundi 1:54
Jeti ni shaba, laini. Hupulizwa kwa upepo wa kompresa, haichokonolewi. Hapo skrubu haina kazi tena, ni kubadilisha jeti. Omari soma namba iliyochorwa kichwani, na usinunue namba ile ile bila kulinganisha na ya kabureta mpya, huenda hata hiyo iliyomo si yake.

Kassim 1:56
Sasa kila kitu ni Kassim. Mwaka ule wa gari la Tiwi pia nilikuwa mimi?

Bi Zuhura 1:57
Ndiyo.

Ami Shee 3:20
Kassim. Jeti utanunua wewe. Sufuria za dada yangu zifike kwake leo kabla ya magharibi. Na bi arusi havushwi feri ndani ya chombo hicho hata kikipona.

Kassim 3:48
Sawa Ami.

Da Mwanaisha 4:05
Sawa Ami. Lakini basi Nuru avuke na nini? Salim una gari?

Da Mwanaisha 5:30
Salim?

Salim Fundi 7:12
Liko garaji, nitaona kesho. Omari kabureta ilete baada ya swala ya ijumaa, na gasketi ya bakuli lake usiichane

Hamza 9:58
Kwani tuktuk sasa yabeba nini, mimi na sufuria?

Omari 10:20
Kassim jeti umepata?