Kukadiria viti vitakavyohama uchaguzi wa katikati ya muhula Marekani: mnaanzia wapi?

DawatiLaHabari_Nbi

Wadau wa takwimu, hamjambo. Tunaandaa jedwali la makadirio kwa kipindi cha redio hapa Nairobi kuhusu uchaguzi wa Marekani wa Jumanne, tarehe 3 Novemba 2026. Viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi vinashindaniwa, pamoja na viti 35 vya Seneti.

Kwa sasa nimeshika kanuni inayotajwa kila mahali: tangu Vita Vikuu vya Pili, chama cha rais hupoteza kwa wastani viti 26 hivi vya Baraza. Republican walitoka uchaguzi wa 2024 na 220, Democratic 215. Nikitoa 26, Republican wanabaki na 194 na Democratic wanapanda hadi 241.

Kinachonisumbua ni kwamba miaka haifanani hata kidogo. Chama cha rais kilipoteza 63 mwaka 2010, 13 mwaka 2014, 40 mwaka 2018, na 9 tu mwaka 2022. Kwa vipimo vya Gallup, Obama alikuwa na asilimia 45 mwaka 2010 na 44 mwaka 2014. Umaarufu ni uleule, hasara mbingu na ardhi.

Je, wastani huu unafaa kutangazwa? Kama haufai, nianzie wapi? Nina Excel tu, sina programu nyingine. Na Seneti inafuata hesabu hiyohiyo?

---

Takwimu_Umoja

Wastani uache, mkuu. Unachanganya miaka ambayo chama cha rais kilikuwa na viti vingi katika maeneo ya ugenini na miaka ambayo kilikuwa kimebaki ndani ya ngome zake tu. Kabla hujauliza upepo una nguvu kiasi gani, hesabu ni wabunge wangapi wamesimama mahali unapopiga.

Chukua 2010. Wabunge 49 wa Democratic walikuwa katika maeneo bunge yaliyompa McCain, mgombea urais wa Republican, kura nyingi kuliko Obama miaka miwili nyuma. Republican wakashinda kura za Baraza kitaifa kwa pointi 6.8, na wengi wa hao 49 wakaenda nyumbani. Njoo 2014: Republican walishinda kwa pointi 5.7, si mbali sana na 2010, lakini walivuna viti 13 tu. Walikuwa wameingia uchaguzini wakiwa tayari na 234, na wabunge wa Democratic waliobaki walikuwa hasa wale wa maeneo yao ya damu. Hilo ndilo jibu la fumbo lako la Obama. Mwaka 2018 Republican 23 walikuwa wameketi katika maeneo aliyoshinda Hillary Clinton, mgombea urais wa Democratic wa 2016. Democratic walipata 40.

Sasa tazama 2024: Republican walioshinda katika maeneo aliyoongoza Harris, mgombea urais wa Democratic, walikuwa 3 tu, na Democratic walioshinda katika maeneo ya Trump walikuwa 13. Kwa hiyo 26 ni namba ya kutangazwa kwa woga mkubwa. Lakini usisahau upande wa pili wa habari hiyo: ukihesabu kutoka matokeo ya 2024, Democratic hawahitaji 26. Viti 3 vinawafikisha 218, na Baraza ni lao. Wasikilizaji waambiwe hilo kwanza.

Jinsi ya kupanga jedwali. Kila eneo bunge lipewe mstari wake. Alama ya kujumlisha iwe Democratic, ya kutoa iwe Republican, na usibadilishe katikati. Kosa la alama ndilo linaloharibu majedwali mengi kuliko kosa la nadharia. Safu ya kwanza ni tofauti ya kura za urais 2024 katika eneo hilo. Ya pili ni mwegemeo wake, yaani tofauti hiyo ukiondoa ya kitaifa, ambayo 2024 ilikuwa −1.5 (Trump alishinda kwa pointi 1.5). Ya tatu ni hali ya kitaifa unayoitarajia, kutoka wastani wa kura za maoni zinazouliza "ungepigia chama gani Bungeni". Ya nne ni nyongeza ya mbunge anayetetea kiti. Siku hizi pointi 2 hadi 3 zinatosha, zamani ilikuwa kubwa zaidi.

Mfano: eneo ambalo Harris alishinda kwa pointi 1, mbunge wake ni Republican na anagombea tena. Mwegemeo ni 1 − (−1.5) = +2.5. Tuseme kura za maoni zinaonyesha Democratic wako mbele kwa 4: unapata +6.5. Ondoa 2.5 za mbunge aliyepo: +4. Kiti kinaelekea Democratic, lakini si cha kufunga kitabu. Mbunge huyo akistaafu, zile 2.5 zinafutika na kiti kinarudi +6.5. Ndiyo maana orodha ya wanaostaafu ni lazima uisasishe kila wiki.

Huna haja ya kuhangaika na mistari yote 435. Maeneo mengi hayana ushindani wowote. Chukua yale ambayo wachambuzi wanaopanga viti kwa ushindani wake (Cook Political Report, Sabato's Crystal Ball au Inside Elections) hawajayaweka kwenye kundi la uhakika, ongeza machache ya pembeni, utabaki na mistari kama 70 au 80. Nyingine jumlisha moja kwa moja.

---

MwalimuSouthB

Naunga mkono yote hayo, ila safu ya kwanza ina mtego mkubwa mwaka huu: mipaka. Texas ilichora ramani mpya mwaka 2025 ikilenga kuwapa Republican viti vitano zaidi. California ikajibu kwa Pendekezo la 50, lililopitishwa na wapiga kura Novemba 2025, likilenga vitano kwa Democratic. Missouri na North Carolina nazo zimechora. Kwa hiyo "eneo bunge la 35 la Texas" la 2024 na la 2026 linaweza kuwa na jina moja na watu tofauti kabisa. Tafuta kura za urais zilizojumlishwa upya kituo kwa kituo ndani ya mipaka mipya. Ukitumia matokeo ya zamani, jedwali zima linaegemea mchanga.

Na usiiandike Texas kama vitano vilivyokwisha kuliwa. Baadhi ya maeneo mapya ya kusini yamepimwa kwa kura ambazo Trump alizipata mwaka 2024 kwa wapiga kura wa asili ya Kilatino. Wakibaki naye, ramani inafanya kazi. Wakirudi Democratic kwa pointi chache, viti viwili au vitatu kati ya hivyo vinakuwa vya kugombaniwa. Uchaguzi wa ugavana wa New Jersey, Novemba 2025, ulionyesha kaunti ya Passaic, yenye Walatino wengi, ikirudi Democratic baada ya kumpa Trump ushindi mwaka mmoja nyuma. Hiyo ni sababu tosha ya kuongeza mashaka kwenye mistari hiyo.

Sasa hayo mashaka yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanajikwaa. Mtu anachukua viti 30 vya kugombaniwa, anaona kila kimoja kina uwezekano wa asilimia 60 kwenda Democratic, anakadiria 18. Mpaka hapo sawa. Kisha anavichukulia kama sarafu 30 zinazorushwa kila moja kivyake, na Excel inamwambia matokeo yatakuwa kati ya 13 na 23. Huo ni uhakika wa uongo. Kura za maoni zikikosea, hazikosei eneo moja. Zinakosea nchi nzima kuelekea upande mmoja, na viti vyote vinasukumwa pamoja.

Gawanya kosa mara mbili. Weka kosa la kitaifa, lenye mkengeuko sanifu (standard deviation, kipimo cha mtawanyiko) wa pointi 3, katika seli moja tu ya kila jaribio:

=NORM.INV(RAND(),0,3)

Kila mstari usome seli hiyohiyo, kisha uongeze kosa lake la kienyeji:

=NORM.INV(RAND(),0,5.2)

Rudia mara 1,000 na uhesabu viti kila mara. Kwa viti vilevile 30, kosa la kitaifa likiangukia pointi 6 upande wa Republican, Democratic wanapata kama 6. Likiangukia 6 upande wao, wanapata kama 28. Wastani bado ni 18, lakini sasa unaona upana wa kweli. Ukipenda usahihi zaidi ongeza kosa la jimbo katikati, kwa sababu majimbo nayo husogea kivyake. Mwaka 2022 Republican walifanya vizuri sana New York na Florida, na vibaya Michigan na Pennsylvania, usiku uleule.

Seli ya kosa la kitaifa ikinakiliwa kwa bahati mbaya katika kila mstari badala ya kurejelewa kwa alama za dola ($B$1), kila mstari unapata kosa lake na umerudi kwenye sarafu 30. Dalili yake ni upana kuwa finyu kupita kiasi.

---

DawatiLaHabari_Nbi

Asanteni sana, mwalimu na Takwimu. Hilo la seli moja ndilo lililokuwa likinikosesha. Maswali mawili yamebaki. Chaguzi ndogo zinazofanyika kabla ya Novemba: zina uzito, au ni kama zetu hapa, ambapo chaguzi ndogo hazitabiri uchaguzi mkuu? Na mbona mwaka 2022 Biden alikuwa na asilimia 40 halafu akapoteza 9 tu?

---

KuraNaHesabu

Chaguzi ndogo zina uzito kwa uchaguzi wa katikati ya muhula, kuliko kwa uchaguzi wa urais. Sababu ni nani anajitokeza. Wanaopiga kura katika chaguzi ndogo ni wale wasiokosa foleni, na siku hizi kundi hilo lina wahitimu wengi wa vyuo, ambao wameegemea Democratic. Ndiyo maana Democratic walifanya vizuri katika chaguzi ndogo za 2023 na 2024 kisha wakashindwa urais: Novemba 2024 walijitokeza mamilioni ambao hawakuwapo. Katikati ya muhula wanaojitokeza wako kati ya makundi hayo mawili. Kwa hiyo linganisha kila uchaguzi mdogo na tofauti ya urais ya eneo hilohilo, chukua wastani wa nyingi, na uupe robo ya uzito hivi dhidi ya kura za maoni. Uchaguzi mmoja peke yake usiutangaze kama ishara. Mgombea dhaifu au mvua tu inaweza kuuharibu.

Kuhusu 2022, mambo matatu yalikutana. Kwanza, hesabu ya Takwimu: Democratic waliingia wakiwa na wingi mwembamba, hawakuwa na wengi wa kupoteza. Pili, uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Juni 2022 katika kesi ya Dobbs, ulioondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba, uliwapa wapiga kura wa chama cha rais sababu ya kutoka nyumbani, jambo ambalo kwa kawaida wanalikosa. Tatu, kura za kitaifa za Republican, +2.8, zilionekana kubwa kuliko uhalisia kwa sababu maeneo mengi zaidi yao hayakuwa na mpinzani wa Democratic. Mwaka 2018 ilikuwa kinyume: ushindi wa Democratic wa 8.6 ulivimbishwa na maeneo ambayo Republican hawakusimamisha mtu. Florida hata haichapishi jina la mgombea asiye na mpinzani, kwa hiyo eneo hilo linachangia sifuri kwa pande zote mbili. Ukitaka kupima jedwali lako kwa miaka iliyopita, jaza kwanza maeneo hayo kwa makadirio ya kura za urais, vinginevyo utairekebisha mizani kwa kosa.

Mtu asikuzuie kwa kusema chama cha rais lazima kipoteze. Mwaka 1998 Democratic wa Clinton waliongeza viti, naye alikuwa na asilimia 66. Mwaka 2002 Republican wa Bush waliongeza, naye alikuwa na 63. Hakuna rais wa karibuni aliyefika huko wakati wa uchaguzi wa katikati ya muhula. Isipokuwa ukiona namba za aina hiyo, upepo utavuma dhidi ya aliye Ikulu. Ubishi ni kuhusu kiasi.

---

BiZuhura_Eastleigh

Seneti naijibu mimi, kwa kifupi. Usiitie katika hesabu ya Baraza. Theluthi tu ndiyo inayopigiwa kura, na majimbo yaliyo kwenye zamu yanaamua zaidi ya upepo. Mwaka 2018 ni ushahidi: Democratic walipata 40 Baraza na wakapoteza 2 Seneti usiku huohuo, kwa sababu walikuwa wakitetea Indiana, Missouri, North Dakota na Florida. Arizona na Nevada hazikutosha kufidia.

Mwaka huu Republican wanatetea 22, zikiwemo chaguzi maalumu za Ohio na Florida, na Democratic 13. Inasikika kama mtihani kwa Republican, lakini kati ya hizo 22, aliyeko jimbo aliloshinda Harris ni Susan Collins wa Maine peke yake. Democratic nao wanatetea Georgia na Michigan, zote za Trump. Republican wana 53. Ili Democratic waongoze wanahitaji nyongeza ya 4 kamili, maana ikiwa 50 kwa 50 kura ya Makamu wa Rais, ambaye ni Republican, inaamua. Fanya mstari mmoja kwa kila jimbo kwa mkono, na weka uzito zaidi kwa mgombea mwenyewe kuliko ulivyofanya Baraza.

Na ndugu yangu wa redio, panga zamu yako. Vituo vya kwanza, sehemu za Kentucky na Indiana, vinafungwa saa nane usiku wa kuamkia Jumatano kwa saa za Nairobi. Georgia na Virginia saa tisa. California inafunga saa moja asubuhi, na kura zake za posta zilizogongwa muhuri kabla ya siku hiyo kuisha hupokelewa kwa siku saba zaidi. Wingi ukiwa wa viti vitatu au vinne, hutapata jibu asubuhi hiyo. Georgia ina duru ya pili asipopatikana wa zaidi ya nusu, na Maine, ambako wapiga kura huwapanga wagombea kwa chaguo la kwanza, la pili na kuendelea, inahamisha kura za waliotoka mwisho. Kwa hiyo kwenye taarifa ya saa moja usitangaze jumla. Tangaza ni viti vingapi kati ya vile 70 vimeshapata mshindi, na vimeangukia juu au chini ya kadirio lako.