Mjadala: Nyerere Day na Karume Day, shule za serikali zifungwe au watoto waje?

Mtoa mada, Nkuhungu

Mbukwenyi wadau. Naweka mada, nipingeni kwa hoja.

Kila tarehe 14 Oktoba shule zetu zinafungwa. Mwaka 2026 inaangukia Jumatano, katikati ya wiki kabisa. Mwaka jana nilimuuliza mwanangu wa darasa la tano siku hiyo ni ya nini, akanijibu, "Ya kuzima Mwenge." Hakubahatisha, maana kilele cha Mbio za Mwenge hufanyika siku hiyohiyo na alikuwa amekiona kwenye luninga. Ila kwamba Mwalimu alifariki tarehe hiyo mwaka 1999, kule London, hakuna aliyemwambia. Na tunakaa Dodoma, mji wenye Nyerere Square na sanamu yake!

Ukiangalia, siku zetu ni za aina mbili. Kuna za kisheria, ambazo shule zinafungwa: Mapinduzi 12 Januari, Karume 7 Aprili, Muungano 26 Aprili, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, Nyerere, Uhuru 9 Desemba, pamoja na za dini. Halafu kuna za kumbukumbu tu, hazina mapumziko: Sokoine 12 Aprili, Mtoto wa Afrika 16 Juni, Mashujaa 25 Julai. Sasa cha ajabu, hizi zisizo na mapumziko ndizo watoto wanazielewa zaidi. Kwa Mtoto wa Afrika wanafundishwa ngonjera, wanaigiza, mtoto anakwambia Soweto mwaka 1976 wanafunzi walipigwa risasi. Muulize huyohuyo Karume aliuawa mwaka gani.

Pendekezo langu ni dogo. Siku mbili tu, ya Karume na ya Nyerere, watoto waje mpaka saa nne. Hakuna hesabu wala Kiingereza, ni kumbukumbu ya mhusika, kisha wanarudi nyumbani. Za dini zisiguswe. Mei Mosi waachiwe wafanyakazi. Uhuru inakuta shule zimeshafunga.

Na asije mtu akasema sikukuu haiguswi. Desemba 2015 Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, watu wakashika fagio. Mwaka 2018 akazihamisha shilingi milioni 995 za sherehe hizo zikaanzia Hospitali ya Uhuru, hapa hapa Chamwino. Mwaka 2022 Rais Samia naye akaelekeza fedha za sherehe kwenye mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Zimeguswa mara tatu, tena na wakubwa.

Mwalimu, Bahi

Mtoa mada, nakuheshimu lakini nakupinga. Hiyo mifano yako yote ni ya sherehe na bajeti zake. Mapumziko hayakuguswa, 9 Desemba bado ni sikukuu kisheria. Usichanganye.

Pili, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili kwa kila saa. Nani atanilipa? Ninavyoijua nchi hii nitaambiwa ni uzalendo. Sisi wa darasa la saba tayari sikukuu hatuna. Kambi inaanza, moko, ule mtihani wa majaribio, inakaribia, Nane Nane unaifanyia kazi ubaoni. Uzalendo huo tumeshautoa, tena bila risiti.

Tatu, masomo hayapotei. Kalenda ina siku 194 za masomo, na sikukuu zimeshatolewa humo.

Nne, na hapa naomba unisome taratibu. Wewe uko Nkuhungu, mtoto anavuka barabara yuko shule. Huku kwetu kuna watoto wanatoka vitongoji vya mbali, wanaondoka nyumbani kuna giza. Mtoto wa darasa la pili anaingia darasani miguu ina vumbi hadi magotini, anakaa, anasubiri uji wa saa nne. Uji ni mahindi ya michango ya wazazi, na mpishi siku ya sikukuu haji. Utamtembeza huyo mtoto asikilize hotuba ya saa moja, umrudishe na njaa? Hataikumbuka hotuba yako, atakumbuka njaa.

Kama shida ni mtoto kutojua, somo la Historia ya Tanzania na Maadili lipo. Tarehe 13 Oktoba mstarini, mwalimu wa zamu achukue dakika ishirini azungumze. Imeisha.

Mkulima, Kongwa

Kwa hiyo mtoa mada ukishamaliza Karume na Nyerere unakuja Saba Saba? Saba Saba yangu naiomba. Uwele unapurwa wakati huo, na watoto nikiwakosa napura na nani?

Mama wa watatu, Kondoa

Nyie mnagombania siku ambazo tarehe yake inajulikana tangu Januari. Njooni huku kwenye Idi.

Mwezi unatangazwa usiku. Mwenye redio kasikia, asiye nayo hajasikia. Mwaka mmoja shule moja huku ilikuwa imepanga mtihani wa majaribio, mwezi ukaandama. Asubuhi nusu ya darasa wako uwanja wa sala na kanzu zao, nusu wako getini na madaftari, na geti limefungwa kwa komeo. Wiki iliyofuata mtihani ukarudiwa, wale wa getini wakasema maswali wameshayaona kwa wenzao wa shule ya jirani.

Kabla hamjagusa 14 Oktoba, tengenezeni hili: siku zote mbili zinazoweza kuwa Idi zisipangiwe mtihani. Halihitaji Bunge, ni mwalimu mkuu na kalamu yake.

Mzazi, Nzuguni

Mimi naishi karibu na viwanja vya Nane Nane, nasema ninachokiona. Maonyesho yanaanza tarehe mosi Agosti. Mabasi ya shule yanakuja siku za kati, tano, sita, kabla ya umati. Watoto wanapewa zabibu waonje, wanaoneshwa mbegu ya mtama inayokomaa mapema, wanauliza ng'ombe huyu anatoa lita ngapi. Tarehe nane yenyewe ni viongozi, vumbi na foleni, mwanafunzi haoni kitu zaidi ya migongo ya watu.

Mwalimu wa Bahi kashinda hapo. Kusoma ni kabla, siku yenyewe mtu apumzike. Ila kiingilio na nauli vinawaacha watoto wa maskini darasani, na hilo tulizungumzie siku nyingine.

Mtoa mada, Nkuhungu

Malipo ya mwalimu sina jibu, na uji nao sina. Basi tuseme tarehe 13. Lakini dakika ishirini za mstarini mimi nilizisimamia nikiwa mwanafunzi: jua la utosi, mwalimu anasoma karatasi, mstari wa nyuma tunapigana viwiko. Hizo hapana.

Marekani siku ya Katiba yao ni 17 Septemba, Katiba ilisainiwa tarehe hiyo mwaka 1787. Shule hazifungwi. Sheria ya mwaka 2004 inataka kila shule inayopokea fedha za serikali kuu ifundishe habari za Katiba. Maana yake kuna kitu cha kufundishwa, tena kwa sheria. Hicho ndicho ninachotaka tarehe 13: kipindi kizima.

Na kisisomwe karatasi. Aitwe mzee. Dodoma tuna wazee walioishi Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, walitoka kwenye tembe zao zilizotawanyika wakapangwa vijijini kwa mistari. Bibi mmoja hapa mtaani anaweza kukuonesha kwa mkono upande ilikokuwa tembe ya baba yake, zizi lilikuwa wapi, kisima wapi. Akisimama yeye mbele ya darasa la tano, watamwelewa Nyerere kuliko kwa ngonjera kumi.

Mchangiaji, Mpwapwa

Mkuu, huyo bibi atasema walihamishwa wakifurahi? Bibi yangu mimi hakufurahi. Alikuwa anamsifu Mwalimu kwa shule na zahanati, halafu palepale anakwambia mbuzi walikufa kwa sababu malisho yalibaki kule. Atasema yote mawili. Afisa elimu akiwa amekaa kiti cha mbele, mtamwachia aseme?

Mtoa mada, Nkuhungu

Aseme. Mtoto wa miaka kumi na moja ana akili ya kushika yote mawili. Tukimkata bibi katikati, ni heri tufunge shule watoto wakacheze mpira.

Mwalimu, Bahi

Hapo sasa tunaongea. Kipindi kizima tarehe 13 nakubali, nitakiandikia andalio la somo. Mleteni huyo bibi. Barua yake ipite kwa mtendaji, mimi mgeni haingii darasani bila barua. Na aje mapema, saa nne watoto wanakwenda kwenye uji na hakuna mzee atakayewazuia.